Demio, petroli na bomba la hewa: dereva wa Mombasa anauziwa nini?

Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu alileta Demio yake karibu na baraza tunapokaa, akafungua boneti na kutuonyesha ndani. Palipokuwa na sanduku jeusi la plastiki lililokuja na gari kutoka Japani, sasa palikuwa na bomba la alumini lililopakwa rangi nyekundu, na mwisho wake filta yenye umbo la koni. Vijana wanaliita inteki. Lilipendeza, sikatai.

Kijana huyu ni dereva wa teksi ya mtandaoni. Gari si lake. Kila Jumapili humpelekea mwenyewe hesabu. Aliuziwa bomba hilo kwa ahadi kwamba gari litakula petroli kidogo na kuvuta zaidi. Wiki tatu baadaye taa ya injini imewaka na haizimi, gari linatetemeka likisimama kwenye foleni, na petroli, kwa mujibu wa daftari lake mwenyewe, imezidi badala ya kupungua.

Mzee mmoja kati yetu, fundi wa miaka mingi aliyekwisha kustaafu, aliinama akamulika kwa tochi ya simu, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba. Kidole kilitoka na unga mweupe. Akauliza, "Mwanangu, lile boksi lake umelipeleka wapi?"

"Nililiacha kule kule dukani, ami. Waliniambia ni takataka."

Naandika haya kwa sababu huyo si wa kwanza. Tembea Mwembe Tayari hadi Saba Saba, utaona mabomba haya yametundikwa madukani, mekundu, ya buluu, ya rangi ya fedha. Zamani yalikuwa mambo ya vijana wa Subaru na wapenda mbio za Nyali usiku. Siku hizi wanunuzi ni madereva wa Demio, Vitz, Fit na Note, magari ya kutafutia riziki. Na hawanunui kwa ajili ya mbio. Wanauziwa kama dawa ya bei ya petroli.

Mtu anayetafuta dawa huwa na ugonjwa, na huu unajulikana. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Septemba mwaka huo huo lita ya petroli ikavuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza. Bei ilishuka baadaye, lakini Julai 2024 ada ya matengenezo ya barabara nayo ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Kila tarehe 14 ya mwezi madereva husubiri tangazo la EPRA jinsi watu wanavyosubiri mwezi kuandama. Upande wa mapato, kanuni za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni za teksi za mtandaoni zinaweza kumkata dereva, ila kikomo cha kamisheni hakimsaidii kitu ikiwa nauli yenyewe ni ndogo.

Halafu kuna gari lenyewe. Ushuru wa forodha wa magari uliongezwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, na sheria ya KEBS ya miaka minane inazuia kuingiza gari kuukuu kuliko hapo. Demio ya umbo lile la 2007 hadi 2014, ambayo ndiyo imejaa mjini, haiwezi tena kushuka kwenye meli hapa Kilindini. Zilizopo ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinazeeka mikononi mwetu. Mwenye gari hawezi kununua jipya, kwa hiyo anatafuta namna ya kulifufua la zamani. Hapo ndipo soko la mabomba lilipopata wateja.

Sasa tuliangalie lenyewe bomba, maana mabishano ya barazani ni mengi kuliko maelezo.

Injini inavuta hewa nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ili kuchoma sawasawa, uzito mmoja wa petroli unataka uzito wa hewa upatao 14.7. Ukipiga hesabu kwa joto letu la Pwani, lita moja ya petroli inakwenda na lita zipatazo 9,000 za hewa. Dereva anayemaliza lita kumi kwa siku amepitisha lita 90,000 za hewa ndani ya injini ndogo ya 1300, na vumbi lote lililomo. Kazi ya filta ni kulizuia vumbi hilo bila kuikaba hewa. Kazi ya sanduku na mkonga wake ni kuivuta hewa kutoka mahali penye ubaridi, kwa kawaida mbele nyuma ya grili au pembeni karibu na taa, na kupunguza mngurumo.

Muuza bomba anasema: hewa ikipita kwa urahisi, injini haihangaiki, basi petroli inapungua. Kwa masikio ni maneno yenye mantiki. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Gari la petroli linaongozwa kwa kukabwa. Ukiwa Digo Road kwenye foleni, kile kilango cha hewa ambacho mafundi hukiita throtili kimefunguka kidogo sana. Ndicho kinachoikaba injini, kwa makusudi, kwa sababu wewe hujakanyaga. Mbele yake hata uweke bomba la kupita mbuzi, hewa inayoingia ni ile ile inayoruhusiwa na kilango. Ni kama mfereji wa maji nyumbani, kwa wale wetu ambao bado maji yanawafikia: ukiufungua robo tu, kubadilisha bomba la kutoka tangini likawa pana zaidi hakujazi ndoo haraka.

Hili si la kubahatisha. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge kule Marekani ilipima magari ya kisasa yenye kompyuta ya mafuta, mara yakiwa na filta safi, mara filta iliyozibwa kwa makusudi. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa. Kilichobadilika ni kasi ya kuchomoka: filta safi iliharakisha gari kwa asilimia 6 hadi 11. Ni magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyookoa mafuta. Sasa jiulize: ikiwa hata filta iliyoziba haiongezi ulaji wa petroli kwenye gari la kompyuta, filta iliyo wazi kupita kiasi itaupunguza vipi? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekagua vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na halijapata hata kimoja kinacholeta nafuu kubwa.

Faida ya bomba, pale ilipo, iko juu kabisa: kilango kimefunguka chote, injini inakimbia mizunguko 5,000 au 6,000. Hapo kila mkwamo unahesabika. Kwenye injini ya Demio yenye nguvu za farasi takriban 90, utapata farasi wawili watatu ukiwa na bahati. Dereva wa teksi anayekwenda Likoni hadi Bamburi atafika kwenye mizunguko hiyo mara ngapi kwa siku? Kama anafika mara nyingi, basi tatizo lake la petroli liko kwenye mguu.

Tukubali hata ahadi yao, kwa hesabu tu. Tuseme bomba ni shilingi 8,000 pamoja na kufungiwa. Tuseme dereva anatumia petroli ya shilingi 1,800 kwa siku, na bomba linaokoa asilimia 2. Hiyo ni shilingi 36. Zitapita siku 222 za kazi kabla hajarudisha pesa yake. Na asilimia 2 yenyewe nimeitoa sadaka.

Kwa nini basi wengi wanaapa kwamba gari limepata nguvu? Sauti. Ndani ya lile sanduku la plastiki na mkonga wake kuna vyumba vilivyochongwa kuuzima mngurumo wa hewa. Ukiviondoa, injini inanguruma kila ukikanyaga, na mtu anasikia nguvu. Mimi mwenyewe nimeendeshwa kwenye Vitz ya namna hiyo kutoka Mtwapa na ningeapa tunakimbia, mpaka nilipotazama mshale ukisoma 70. Tena dereva anayeipenda sauti hukanyaga zaidi ili aisikie, na hapo daftari la petroli linaanza kusema ukweli.

Hadi hapa hasara ni ya mfuko. Ila bomba baya linaweza kuiharibu injini, na Pwani yetu ina njia zake za kuliharakisha hilo.

Kwanza joto. Mabomba mengi ya bei nafuu ni mafupi, na filta yake inakaa wazi ndani ya boneti, karibu na injini. Ukisimama foleni ya Makupa adhuhuri ya Februari, hewa ya nje ni nyuzi 32, lakini ndani ya boneti inaweza kufika 60 na zaidi. Hewa ya nyuzi 60 ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Kwa hiyo umelipa pesa kuiondoa injini kwenye hewa ya mbele ukaipa mvuke wake yenyewe. Bati la alumini nalo linapata moto haraka kuliko plastiki. Wajapani hawakutumia plastiki kwa ubahili tu.

Pili vumbi, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Vumbi letu si la kawaida. Tuna unga mweupe wa mawe ya matumbawe kwenye kila barabara ya ndani kuanzia Kisauni hadi Kikambala, tuna mchanga, tuna saruji, na tangu barabara ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi ianze kupanuliwa, kuna siku unapita hapo ukidhani ni ukungu. Filta hupimwa kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 5011, kinachoangalia mambo matatu: inaikaba hewa kiasi gani, inazuia vumbi kwa asilimia ngapi, na inabeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Mambo haya yanavutana. Filta inayopitisha hewa kwa urahisi sana, kwa ukubwa ule ule, mara nyingi inapitisha na vumbi. Ile koni ya sponji au matundu makubwa isiyo na karatasi yoyote ya vipimo inasifiwa kwa jambo la kwanza, na hayo mengine mawili hayatajwi. Unga ule mweupe kwenye kidole cha mzee wetu ulikuwa umeshapita filta. Ukiingia kwenye silinda unasaga ringi za pistoni kama msasa. Gari halifi siku hiyo. Linaanza kula oili, kisha moshi wa buluu, kisha oveholi, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka bomba.

Tatu ni sensa. Magari mengi haya yana sensa inayopima hewa inayoingia, nayo imekaa kwenye koo la sanduku la filta. Imepangwa kulingana na upana wa koo hilo. Fundi akiihamishia kwenye bomba la upana wa milimita 66 badala ya 60, nafasi ya kupita hewa imeongezeka kwa asilimia 21, mwendo wa hewa mbele ya sensa unapungua, na kompyuta inadhani imeingia hewa kidogo kuliko iliyoingia kweli. Inamimina petroli pungufu, sensa ya moshi inalalamika, kompyuta inarekebisha mpaka inachoka, taa ya injini inawaka. Hicho ndicho kilichompata kijana wetu. Filta za pamba zinazopakwa mafuta nazo zina balaa lao: zikipakwa mafuta mengi, yananyunyiziwa kwenye waya mwembamba wa sensa, vumbi linagandia hapo, na vipimo vinaharibika. Baadhi ya magari hayana sensa ya aina hii, yanapima mgandamizo wa hewa tu, na hayo yanavumilia zaidi. Ndiyo maana jirani yako anaweza kufunga bomba lile lile asione shida.

Nne ni maji. Kuna mabomba marefu yanayoshuka hadi nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi. Kwa sayansi hayo ndiyo bora kuliko mafupi. Kwa Mombasa ya masika na vuli, ni mtego. Waliokuwa hapa Novemba 2023 wanakumbuka barabara zilivyogeuka mito. Filta iliyo sentimita thelathini kutoka ardhini ikizama, injini inavuta maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni inapanda, inakutana na ukuta, konrodi inapinda. Injini imekwisha katika sekunde moja, na dereva hudhani ni maji yameingia kwenye waya, akajaribu kuiwasha tena. Mkonga wa kiwandani umewekwa juu kwa sababu hiyo.

Sisemi kila bomba ni uongo. Wapo wanaolipenda gari kama wengine wanavyopenda ngamia wa mashindano, gari ni lao, pesa ni zao, na hawamtafutii mtu hesabu ya Jumapili. Kwa huyo, na kwa yeyote ambaye bado anataka, chaguo la akili ni filta ya bapa ya kampuni inayotoa vipimo vyake, yenye umbo la ile ya asili, inayoingia ndani ya sanduku lile lile. Mkonga unabaki, sensa inabaki mahali pake, na ukichoka unarudisha ya karatasi. Akitaka bomba zima, basi liwe limetengenezwa kwa injini yake kwa namba ya injini, si "la Mazda zote". Mahali pa sensa pawe na upana sawasawa na wa asili, upimwe kwa rula kabla ya pesa kutoka mfukoni. Pawe na kuta za kuikinga filta na joto la injini. Kuwe na nafasi ya kurudishia ule mpira mdogo wa kupumulia injini, ambao mafundi wengi huuacha ukining'inia na kuvuta vumbi moja kwa moja. Na viungio viwe vya mpira wenye klempu za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya hewa yetu inakula klempu za bei nafuu mwaka haujaisha. Sanduku la zamani lirudi nyumbani nawe. Hata likae uvunguni.

Kwa dereva wa teksi jibu ni fupi: filta ya karatasi ya bei ya kawaida, nzuri, ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa barabara za Japani. Anayepita barabara za vumbi kila siku aifungue na kuitazama kila mara anapobadilisha oili. Asiipulize kwa pampu ya upepo ya gereji, maana upepo ule unapasua karatasi kwa matundu yasiyoonekana. Zile elfu nane, akinunua plagi sahihi, akasafisha throtili, akapima upepo wa matairi kila wiki na kuitengeneza breki inayoshika, atapata nafuu ya petroli anayoitafuta na chenji itabaki.

Lakini nani wa kumwambia haya dukani? Hapo suala linakoma kuwa la ufundi. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike na anachonunua. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumwambia mteja kwamba kitu kina faida ambayo hakina. "Itakupunguzia petroli" ni dai, na dai linaweza kuulizwa ushahidi. KEBS ina utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka kabla hazijapakiwa, na tuna mamlaka nzima ya kupambana na bidhaa bandia. Hata hivyo, filta zenye nembo zilizochapwa vibaya, jina la kampuni limekosewa herufi, zimepangwa mchana kweupe, mita chache kutoka bandari ile ile zilikopitia.

Wenzetu wa California walilitatua upande mmoja kwa njia rahisi. Bomba la hewa la kubadilishia haliruhusiwi kwenye gari la barabarani mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba halichafui hewa zaidi, na likifaulu hupewa nambari ya idhini inayobandikwa ndani ya boneti. Mkaguzi anafungua, anasoma nambari, anafunga. Si lazima tuige lote. Lakini mwaka 2025 NTSA ilipeleka kwa wananchi rasimu ya kanuni za ukaguzi zinazotaka hata magari ya binafsi yenye zaidi ya miaka minne yakaguliwe. Malalamiko mengi yalihusu ada na foleni, na ni haki yetu kulalamika. Kama ukaguzi utakuja, ningependa uanze kwenye rafu za duka kabla ya kufika kwenye boneti ya dereva. Kumtoza faini aliyedanganywa, aliyemdanganya akiendelea kupanga mzigo mpya, ni kumwadhibu mtu mara mbili.

Kuna na jambo la bima ambalo madereva hawaliulizi. Mabadiliko ya gari yasiyotajwa kwenye karatasi za bima yanaweza kuwa sababu ya kampuni kukataa kulipa au kukuburuta miezi. Kelele nazo zina kanuni zake za mazingira tangu 2009, ingawa sijui mtaa gani Mombasa umewahi kuziona zikifanya kazi saa saba za usiku.

Nirudi kwa kijana wetu. Mzee alimwambia jambo moja tu: alitafute boksi. Dukani walishalitupa, au walishaliuza, hawakusema. Alizunguka siku mbili, siku mbili asizofanya kazi, akalipata kwenye Demio iliyogongwa, Changamwe. Klipu mbili zilikuwa zimevunjika, wakalifunga kwa waya. Walisafisha sensa kwa dawa yake, wakaweka filta ya karatasi, wakafuta kosa kwenye kompyuta. Taa imezimika na gari halitetemeki tena. Kama vumbi limeshafanya kazi yake ndani, oili itaonyesha baada ya miezi kadhaa. Mzee amemwagiza awe anapima kila Ijumaa asubuhi na kuandika.

Hesabu ya Jumapili ilipungua. Mwenye gari amempa hadi Jumatano.

Bomba jekundu bado liko kwenye buti. Juzi dereva mwenzake wa Vitz alimuuliza analiuza bei gani.